Mstari Mmoja Katika Kitabu cha Ndoa



Dominika ya Familia Takatifu, tarehe 28 Desemba 2025, tulisoma Injili ya Mathayo inayosimulia jinsi Yosefu alivyoamka usiku, akamchukua Mtoto na Mama yake, wakakimbilia Misri. Baada ya Misa mama mmoja alitungoja kando ya sakristia. Alituamkia, kisha akauliza swali ambalo hatukulitazamia: "Baba, pale mpakani Yosefu aliombwa karatasi gani?" Tulicheka. Yeye hakucheka. Siku 12 kabla ya hapo, tarehe 16 Desemba, Rais wa Marekani alikuwa ametia sahihi tangazo lililoiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake walizuiwa kuingia Marekani kama wahamiaji, na vilevile kwa viza za matembezi na za masomo, kuanzia 1 Januari 2026. Mama huyo ana mwana Houston. Alikuwa amekwisha kukusanya vyeti vyote.

Tulimjibu kwamba siku zile Misri ilikuwa chini ya Roma, naye Herode mwenyewe alikuwa mfalme kwa hisani ya Roma, basi huenda Yosefu hakuombwa karatasi yoyote. Lilikuwa jibu la darasani. Alishukuru, akafunga kitenge chake vizuri maana mvua ilikuwa ikianza, akaondoka.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza kwa nini hatujawahi kuandika juu ya kungoja kwa namna hii, wakati ofisi ya parokia imekuwa ikikuona kwa miaka mingi. Watu hutujia kuomba cheti cha ubatizo au cha ndoa, na cheti kinachoombwa kwa haraka mara nyingi kina safari nyuma yake. Hata hapa Matembwe, katikati ya chai, mbao na maparachichi, zipo nyumba ambamo kitanda kimoja hakilaliwi na mtu kwa sababu mwenyewe "anakwenda Marekani". Amekuwa akienda kwa miaka kumi na zaidi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wengi husema "amenifanyia makaratasi" pasipo kujua makaratasi gani. Mtu aliye raia wa Marekani, au aliye mkazi wa kudumu mwenye ile kadi ya kijani, anaweza kuiomba serikali ya huko imtambue jamaa yake fulani ili aje kukaa naye. Fomu yake huitwa I-130. Siku ombi linapopokewa hupewa tarehe, na tarehe hiyo ndiyo nafasi ya mtu katika foleni. Ombi likikubaliwa, nyumbani huchinjwa kuku, watu wakidhani viza imepatikana. Sivyo. Kukubaliwa kwa ombi ni kuthibitishiwa tu kwamba huyu kweli ni mwanao au ndugu yako. Foleni iko palepale.

Wako wasiopanga foleni: mume au mke wa raia, watoto wa raia walio chini ya miaka 21 na wasio na ndoa, na wazazi wa raia aliyetimiza miaka 21. Hao hawakuwekewa kikomo cha idadi; wanachongoja ni kazi ya maofisa. Wengine wote husimama mbele ya madirisha. Sheria ya mwaka 1990 iliweka viza 226,000 kwa mwaka kwa dunia nzima: 23,400 kwa watoto wa raia ambao ni watu wazima na hawana ndoa; 114,200 kwa wenzi na watoto wasio na ndoa wa wakazi wa kudumu; 23,400 kwa watoto wa raia waliooa au kuolewa; na 65,000 kwa kaka na dada wa raia. Hesabu hizo hazijapanuliwa tangu wakati huo. Tena nchi moja hairuhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 7, ndiyo maana Wamexico na Wafilipino wana foleni zao wenyewe, ndefu kupita za wengine. Sisi Watanzania hatujafikia kikomo hicho. Tumekuwa tukisimama katika safu moja na nchi zote ambazo hazikutajwa kwa jina.

Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jarida la viza lenye tarehe ambayo kila dirisha limeifikia. Katika majarida ya mwaka 2025, dirisha la kaka na dada lilikuwa likihudumia maombi ya mwaka 2007, na kufikia mwisho wa 2008 kuanza. Dirisha la watoto wenye ndoa lilikuwa katika 2010 na 2011. La watu wazima wasio na ndoa lilikuwa katika 2015 na 2016. Wala tarehe hizo haziendi mbele daima. Yapo majira zinaporudi nyuma, kama mkulima aliyefika karibu na dirisha la mbolea ya ruzuku akaambiwa mifuko imekwisha, arudi wiki ijayo, na wiki ijayo akakuta ameandikwa nyuma ya wale aliokuwa amewatangulia.

Basi mzee aliyetuambia kwa uchungu kwamba mdogo wake "alianza makaratasi Kikwete alipoapishwa mara ya pili", yaani Novemba 2010, hakudanganywa na mdogo wake, wala hakurogwa. Alikuwa katika dirisha la kaka na dada, na dirisha lilikuwa halijafika kwake. Tulipomwonyesha hesabu hiyo kwa penseli alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Basi mimi nimemnunia mtoto wa watu miaka sita bure." Tunaamini kabisa kwamba katika parokia yetu uhasama mwingi zaidi umezaliwa na kutoijua foleni kuliko na foleni yenyewe. Mama huacha kupokea simu ya mwanawe. Mke wa huko ng'ambo huitwa mchoyo na watu ambao hawajamwona. Na mwana, aliyekwisha kulipa ada zote, huona aibu kueleza jambo ambalo hata yeye halielewi vizuri, akaamua kutuma fedha badala ya maneno.

Lugha zetu nazo zina sehemu katika shida hii. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni kaka, na mtoto wa mama mdogo ni dada, wala hakuna anayeuliza zaidi. Sheria ya Marekani huuliza. Kwa sheria hiyo kaka ni yule mliyechangia naye mzazi. Shangazi na mjomba hawana dirisha. Mpwa hana dirisha. Babu hawezi kumwomba mjukuu. Tunakumbuka kwamba Yosefu mwana wa Yakobo alipowaita jamaa zake Misri, Farao alituma magari, na Kitabu cha Mwanzo kinawahesabu watu 70 wa nyumba ya Yakobo, wajukuu wakiwamo. Wajukuu hao leo wangebaki Kanaani wakisubiri zamu ya wazazi wao.

Katika mkoa wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI Njombe yamefikia asilimia 14.8 ya watu wazima, wakati wastani wa Tanzania Bara na Visiwani ulikuwa asilimia 5.1. Hatuhitaji takwimu kujua maana yake. Sisi tuliozika twaijua. Watoto waliobaki walilelewa na mashangazi, mama wadogo na bibi, na katika nyumba hizo hapakuwa na yatima, palikuwa na watoto. Kijana mmoja alilelewa na shangazi yake tangu akiwa na miaka miwili. Shangazi alikwenda Marekani, akafanikiwa, na kila Krismasi kijana alisema kwamba mama anamfanyia mpango. Mpango haukuwapo. Ili mtoto wa kuasili atambuliwe kule, kwa kawaida uasili lazima uwe umekamilika mahakamani kabla hajatimiza miaka 16, na walezi wawe wameishi naye na kuwa na mamlaka juu yake kwa miaka miwili. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Nani angekwenda mahakamani kuomba mtoto wa marehemu kaka yake? Shangazi aliijua sheria hiyo akiwa amechelewa, na hakuwa na moyo wa kumwambia. Kijana alikuwa akingoja katika foleni isiyo na dirisha. Mwishowe alituomba shangazi tumwambie sisi, tukamwambia. Hatutaki kuandika zaidi juu ya jioni hiyo.

Sasa tuje kwa jambo linalotuhusu wenyewe, ambalo ndilo hasa lililotufanya tushike kalamu. Tumelibeba tangu mwaka 2019.

Palikuwa na binti, karani wa chama cha akiba na mikopo, aliyeishi na kijana mfanyabiashara wa mbao. Walikuwa na mtoto mmoja na mwaka wao wa tatu pamoja. Ninyi mnajua tunavyouita uchumba wa namna hiyo: uchumba sugu. Katika Kwaresima ya mwaka 2018 tuliendesha juhudi ya kubariki ndoa katika kila jumuiya ndogo ndogo, na mwenyekiti wa jumuiya yao akatupeleka kwao. Kijana alikuwa tayari. Binti alisitasita. Alisema baba yake yuko Marekani, alikwenda kusoma mwaka 2004, akapata kazi, akapata ukazi wa kudumu mwaka 2013, na mwezi Aprili 2016 alimwombea yeye. Alisema baba amemwambia asubiri. Alipoulizwa asubiri nini, hakujua, baba naye, kama tulivyokuja kufahamu, alikuwa amesikia tu kwa rafiki kwamba "ni vizuri asubiri."

Sisi tulimwambia maneno ambayo yalirudiwa kijijini kwa muda mrefu: "Baba yako yuko Marekani, lakini Mungu yuko Matembwe." Tulijiona tumesema vizuri.

Wakaja kwenye mafundisho. Matangazo yakasomwa Dominika tatu. Baba alikubali kwa simu, akatuma mchango wa ng'ombe. Walifunga ndoa Jumamosi moja ya Oktoba 2018, kwaya ikaimba mpaka umeme ukakatika na ikaendelea kuimba gizani. Mwezi Machi 2019 baba aliapa kuwa raia wa Marekani. Katika furaha yake akaenda kwa mwanasheria kuuliza kama uraia utaharakisha safari ya binti, na mwanasheria akamwuliza, kama wanavyouliza wote: "Ameolewa?"

Sheria ni hii. Mkazi wa kudumu anaweza kumwombea mwanawe mtu mzima iwapo hana ndoa; hakuna dirisha la watoto wenye ndoa wa wakazi. Mtoto akifunga ndoa huku mzazi bado ni mkazi tu, ombi linakufa siku ileile, wala halifufuki hata mzazi akiwa raia kesho yake, wala hata ndoa ikivunjika. Lakini kama mzazi amekwisha kuwa raia siku ya ndoa, ombi haliishi. Linahamia dirisha la watoto wa raia wenye ndoa pamoja na tarehe yake ya zamani. Kati ya Oktoba na Machi ni miezi mitano.

Tumejitahidi tusijipe lawama isiyo yetu, na tusijiondolee iliyo yetu. Kama wangengoja ile miezi mitano, binti angebaki na tarehe yake ya 2016, lakini katika dirisha ambalo mwaka 2025 lilikuwa bado katika 2011. Kama asingefunga ndoa kabisa, zamu yake ingekuwa imefika kabla mwaka 2024 haujaisha. Kwa hiyo lililokuwa mbele yake halikuwa miezi mitano peke yake. Lilikuwa pia kuwa mke akiwa na miaka 28 au kuwa na viza akiwa na miaka 34, na hilo lilikuwa lake kuchagua. Sisi hatukumnyima haki ya kuchagua. Tulimnyima kujua anachochagua. Tungeweza kusema, "Binti, kabla ya matangazo ya kwanza, baba yako akaulize mwanasheria." Sentensi moja. Tulikuwa na sentensi nyingine, iliyopendeza zaidi masikioni.

Mwezi Julai 2019, asubuhi ya ukungu ambayo mtu haoni mnara wa kanisa akiwa uwanjani, baba mdogo wa binti alikuja ofisini. Ni mzee wa heshima, mwanachama wa chama cha kitume, mtu ambaye hatujawahi kumkuta akilegea katika zaka. "Kamwene, Baba." Tukaitikia. Alikaa, akatoa bahasha ya kaki, ndani yake nakala ya cheti cha ndoa.

"Baba, hatuwaombi uongo mkubwa," alisema. "Ndoa ni halali, watu ni walewale, kanisa ni lilelile. Mstari mmoja tu katika kitabu. Oktoba 2018 isomeke Aprili 2019."

Hatukumkemea. Tuliinuka, tukakitoa kitabu cha ndoa kabatini, tukakifungua mbele yake. Tulitaka aone kwamba mstari mmoja haukai peke yake: kuna namba iliyo juu yake na iliyo chini yake, kuna ndoa mbili zilizofungwa Novemba na moja ya Januari. Alama ya ndoa hiyo imekwisha kuandikwa katika kitabu cha ubatizo pembeni ya jina la binti na la mumewe, kama Kanisa linavyoagiza, na nakala imekwisha kwenda kwa msajili wa serikali. Lakini kabla hatujasema lolote, kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye nafasi ya mashahidi. Sahihi ilikuwa yake.

"Vitabu hivi si vyenu, Baba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Tulimwambia si vyetu. Kanoni ya 535 inamwagiza paroko avitunze, na askofu hukagua anapotembelea parokia. Sisi tumewekwa kuvilinda, hata dhidi yetu wenyewe. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei asiyoweza kuilipa. Kisha akauliza lile ambalo hatujapata jibu lake hadi leo: "Mlipowahimiza wafunge haraka, mambo haya ya sheria mlikuwa mnayajua?"

Tulisema hapana. Akarudisha nakala yake katika bahasha, akatuaga kwa adabu ileile aliyokuja nayo.

Hatukuwa tukilinda wino tu. Mtu akithibitika kuwa amedanganya kwa makusudi katika jambo la msingi ili apate viza ya Marekani, hufungiwa kwa maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha wa pekee ambao si kila mtu anaruhusiwa hata kuuomba. Na uongo wa mmoja hauishii kwake. Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima vinasaba vya wakimbizi, kwanza jijini Nairobi, kisha Uganda, Ethiopia na nchi kadhaa za Afrika Magharibi, katika mpango uliowaunganisha wakimbizi na jamaa zao waliotangulia. Mpango huo ni tofauti na fomu tuliyoieleza, lakini funzo lake linatuhusu. Maofisa walisema ni katika familia chini ya asilimia 20 tu walipoweza kuthibitisha undugu wote wa damu uliodaiwa. Wengine walikutwa si ndugu wa damu, na wengi hawakufika kupimwa au walikataa. Mpango ukasimamishwa mwaka huohuo wa 2008, haukufunguliwa tena mpaka 2012, na sharti la kupimwa likabaki. Tunapolisoma jambo hilo mioyo yetu hugawanyika. Walikuwamo walaghai waliouza nafasi za watoto wao. Lakini bila shaka walikuwamo pia watu kama yule shangazi, walioandika "mwanangu" kwa sababu hawakuwa na neno jingine. Mlango ulifungwa kwa wote.

Miaka miwili baadaye familia nyingine, iliyokwisha kusikia habari ya ile ya kwanza, ilikuja na ombi la kisomi zaidi. Waliomba ndoa ya siri. Ni kweli Kanisa linayo. Kanoni za 1130 hadi 1133 zinamruhusu askofu, kwa sababu nzito na ya dharura, kukubali ndoa ifungwe pasipo kutangazwa na iandikwe katika kitabu kinachofichwa kwenye hifadhi ya siri ya jimbo. Tuliwaeleza kwamba ndoa ya siri ni ndoa. Bibi harusi ataulizwa mbele ya ofisa, akiwa chini ya kiapo, kama ana mume, naye atakuwa naye. Wala wasidhani kukaa pamoja bila kufunga kunamwacha mtu bila swali: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya hapa nchini ina dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili na kutambulikana hivyo na watu. Hao tuliwapeleka kwa mwanasheria kabla hatujasema neno jingine. Waliamua kungoja mpaka mama wa kijana aape uraia, kila mmoja akiwa kwao, na katika muda huo walikuwa wachumba wasikivu kuliko wote tuliowahi kuwafundisha. Hatusemi kila mtu ataweza.

Msidhani tunaona ni sawa watu wachague kati ya sakramenti na baba. Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, katika ibara yake ya 12 inasema wafanyakazi wahamiaji wana haki ya kuona familia zao zimeunganishwa mapema iwezekanavyo. Miaka 14 si mapema. Sheria inayomwambia binti kwamba akiolewa atampoteza baba, na inayomfanya mzee ahesabu kama atakufa kabla ya tarehe yake (maana mwombaji akifa, ombi kwa kawaida hufa naye), ni sheria yenye kasoro, na tunasema hivyo bila kumtukana mtu. Ila kasoro ya sheria haijawahi kuwa kalamu ya kufutia kitabu.

Kwa walio katika foleni sasa tuna machache tu. Mjue mko dirisha gani na tarehe yenu ni ipi. Mwulizeni aliyewaombea awatumie nakala ya barua ya kupokewa. Jarida la viza husomwa bure kwenye intaneti; mtu anayedai fedha ili "asogeze" tarehe ni mwizi, hata akiwa na tai na ofisi Dar es Salaam. Kabla ya kufunga ndoa, ulizeni. Lile tangazo la Desemba 2025 liliondoa hata ule msamaha wa jumla ambao tangazo la Juni mwaka huo liliwapa jamaa wa karibu wa raia. Waliokuwa na viza halali mkononi na wakazi wa kudumu hawakuguswa. Matangazo ya namna hiyo hubadilishwa, kwa hiyo msitegemee maandishi yetu, someni lenyewe au mwulizeni anayelijua.

Na yule binti? Baba yake alimwombea upya mwaka 2019, katika dirisha la watoto wenye ndoa. Lina faida moja ambayo dirisha la kwanza halikuwa nayo: zamu ikifika, mume pia husafiri pamoja naye na watoto wadogo. Mumewe hupenda kusema kwamba Yakobo alitumika miaka 7 akapewa Lea, akatumika mingine 7 kwa ajili ya Raheli, nao bado wako kwa Lea. Husema hivyo akicheka, na mkewe humpiga kofi la begani. Baada ya tangazo hilo tulikwenda kuwasalimu, tukiwa tumejiandaa kwa maneno ya faraja. Hawakuyahitaji. Walikuwa wakipanda viazi.

Juma lililopita binti alikuja ofisini kumwandikisha mtoto wao wa tatu kwa ubatizo. Babu ameamua kuja mwenyewe. Ana pasipoti ya Marekani sasa, kwa hiyo yeye ndiye atakayeomba viza ya kuingia nchi aliyozaliwa, na alipoambiwa hivyo kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Hajakanyaga Matembwe tangu 2004. Ubatizo tumeupanga Jumamosi ya mwisho ya Julai. Tulimkumbusha binti kwamba mwezi huo ukungu ni mzito na baridi ni kali, amwambie mzee aje na koti.